Sampuli ya Kumi na Saba

Szeged, Februari. Mto Tisza umeganda kingoni,
katikati maji bado yanabishana.
Piroska anavua glavu za sufu, anavaa za mpira,
anafungua friji la nyuzi themanini chini ya sifuri
na pumzi yake inageuka moshi:
moshi pekee unaoruhusiwa humu,
husema Daktari Vencel, kila asubuhi, mzaha uleule.

Maana wanachokichunguza kinaitwa kipokezi cha bangi.
Jina limekosewa tangu mwanzo.
Ni sawa na kuuita mlango kwa jina la mwizi
kwa kuwa ndiye wa kwanza kukamatwa akiupita.
Mlango ulikuwapo. Mwili ulikuwa na mgeni wake,
chembe ya mafuta unayoipika wenyewe,
ibishayo hodi kwa sauti ya chini:
basi, moto umetosha, rudini.

Lakini seli nyeupe iliyolala haina mlango huo.
Ina ramani yake tu,
imekunjwa ndani ya kiini, uzi juu ya uzi,
na juu ya uzi lakiri ndogondogo za kemia.
Kuwa na jeni si kuisoma.
Nyumba ngapi zina barua ambayo hakuna aliyeifungua?

Anadondosha interlukini nne.
Mjumbe huyu haingii; anagusa ngozi ya seli tu,
na huko ndani protini mbili zinashikana mikono,
zinaingia kiinini kama waliovua viatu,
zinaipapasa kamba mpaka zikute fundo lao.
Kamba inalegea. Nakala zinatoka.
Mashine inazihesabu usiku kucha
na mstari wa kijani unapanda kwenye kioo
kama mtu aliyekumbuka jambo.

Kumi na sita zimepanda.
Ya kumi na saba imelala chali.

Anarudia. Chumvi mpya, mikono ileile.
Imelala.
"Mtoaji huyu," asema Vencel, "tumpigie simu?"
Piroska anakunja kidole cha kati, kilichovimba tangu Krismasi,
anakificha mfukoni.
Damu ile aliitoa yeye, Jumatatu watoaji walipopungua.
Aliandika namba. Hakuandika jina.

Bibi yake Etelka alifanya kazi ng'ambo ya mto,
akiloweka mabua ya bangi isiyolevya,
kiuno majini, Septemba nzima,
kisha akisokota kamba za ng'ombe na za kengele za kanisa.
Vidole vikaja kupinda kama tangawizi,
usiku akivifunga kwa majani ya kabichi yaliyopashwa moto.
Kipokezi hakukijua. Kamba aliijua:
ukiivuta, inakaza.
Izungushe kinyume cha alivyoisokota fundi,
usiwe na haraka,
itakuachia.

Saa kumi na moja. Tramu ya kwanza inalia konani.
Piroska anachukua sahani ya kumi na nane,
damu ileile,
safari hii anaandika kwa wino, wazi: Halmos Piroska.
Anatia dawa ya kuyeyusha lakiri,
nusu ya kipimo,
anafunika.

Siku tatu za kungoja.
Anaosha mikono kwa maji ya moto,
muda mrefu kuliko kanuni inavyotaka.