Kidonge cha Tano

Wiki mbili niliisingizia baridi ya Newport
haya maumivu ya chini ya kitovu.
Nikayafunga kwa kanga ndani ya koti,
nikapakia maboksi ya biskuti hadi alfajiri.

Bronwen, muuguzi, hakuuliza ya nani.
Aliuliza tangu lini.
Akabonyeza. Nikaruka.

"Majibu ya maabara yatachukua siku.
Dawa unaanza leo.
Kovu halingoji karatasi."

Sindano moja pajani,
vidonge vya siku kumi na nne,
na kichefuchefu chake.

Nimemwandikia Idarusi: nawe nenda ukatibiwe.
Tiki mbili za buluu. Kimya.

Basi nameza peke yangu, cha tano,
kwa chai ya rangi,
kwa ajili ya mtoto
ambaye bado sijaamua kama namtaka.