Nusu ya Tikiti

Nimetumwa kupima.
Nina kamba ya mita hamsini, rangi nyekundu kwenye kopo,
na fomu ya ofisi ya ardhi yenye mstari usemao:
Matumizi ya sasa.

Stesheni ya Mtama haina reli.
Ina jukwaa. Ina dirisha la tikiti lenye nondo mbili,
na ngazi tatu za zege zinazoshuka mpaka kwenye nyasi
kama mtu aliyenyanyua mguu
akasahau alikuwa anakwenda wapi.
Reli ziling'olewa, zikafungwa, zikapakiwa;
safari ya mwisho ya njia hii
ilikuwa ya reli zenyewe.
Kipande kimoja kilibaki. Nimekiona nyuma ya soko,
ni kizingiti cha choo.

Bado watu humwambia kijana wa bodaboda:
nipeleke stesheni.
Naye hawaulizi ipi.

Jukwaa zima limeanikwa mbaazi.
"Usikanyage," asema Bi Somoe Nachundwa,
ufagio wa chelewa mkononi. "Pita ukingoni,
kama abiria."
Nikapita ukingoni. Mita thelathini na nane na nusu.
"Unapima na kivuli?"
"Hapana, mama. Jengo tu."
"Haya. Saa hii hakimtoshi hata kuku.
Rudi alasiri utakikuta kimevuka njia."

Akaingia chumba cha mizigo, analala humo,
akatoka na kopo la maziwa ya unga.
Ndani, chini ya sindano na kadi ya kliniki,
kipande cha kadi ngumu, kidogo kuliko kiganja cha mtoto.
Kijani, anasema yeye.
Mimi naona kahawia.

"Mama yangu alikwenda Mkwaya kumzika kaka yake.
Alilipa kwenda na kurudi.
Arobaini ilipokwisha akaja na mzigo wake, na mimi mgongoni,
akakuta dirisha limepigiwa mbao.
Akamwuliza mlinzi: lini?
Mlinzi akasema: subiri.
Akasubiri mpaka kivuli cha tangi la maji
kikamfuata alipokaa, kikampita, kikaenda zake.
Mlinzi naye akaenda zake.
Basi akashika njia ya reli.

Wewe mpimaji, utanielewa:
hatua ya taruma hadi taruma si ya mwanamke mwenye mtoto.
Ukikanyaga kila moja, unatembea kama kuku.
Ukiruka moja, nyonga inalia.
Siku tatu hivyo: fupi mno, ndefu mno,
fupi mno, ndefu mno.
Mimi nikilala nashtuka, nikilala nashtuka.
Mpaka leo sijui kutembea sawasawa,
watu hudhani ni uzee."

Akacheka. Akatema ganda la mbaazi.

"Alikuwa na hasira mpaka anakufa.
Si ya kutembea, kutembea alizoea.
Ni kwamba alikuwa amelipa."

Upepo ukapita jukwaani, ukageuza maganda machache,
ukashindwa na mbaazi.
Niliandika: kuanikia mazao.
Nikafuta.
Nikaandika: makazi. Nikafuta hilo pia,
karatasi ikaanza kutoboka.
Fomu inataka neno moja
na mkubwa wangu hapendi maelezo.

"Ofisi yenu," akauliza, akiwa ameinama anafagia,
"inarudisha nauli?"

Nilijibu nini? Nilisema mimi ni wa ardhi tu,
mambo ya reli ni wizara nyingine.
"Nyingine," akarudia,
kwa sauti ya mtu anayekunja nguo.
Akaitia ile nusu koponi, akafunika,
akapiga kifuniko kwa kiganja mara mbili.

Nilichovya brashi niweke alama yangu kwenye kona
kama kanuni inavyosema, kila kona doa moja.
"Si hapo, baba. Itashika mbaazi."
Nikasogea.
"Hapo pia."
Nikashuka ngazi zile tatu
nikasimama kwenye nyasi, kopo la rangi mkononi,
mahali ambapo treni ingekuwa,
nikitazama juu
wapi pa kuweka doa.