Wiki ya Tatu, Pasua

Asubuhi tumbo ni langu.
Kufika saa kumi limejaa,
gumu kama ndizi mbichi,
na mkanda umenichora mistari ubavuni.

Daktari alisema: punguza chumvi, tembea,
lala umeinua magoti. Usijipime kila siku.
Najipima kila siku,
kwa futi ya kushonea ya marehemu mama.

Wifi yangu Ndeshi kaniletea mtori
kwenye chupa ya chai, kama vile nimejifungua.
"Sijautia chumvi," akasema, bila kunitazama.
Mara nne amenipikia hivi,
mara nne kulikuwa na kichanga cha kupakata.
Leo amepakata mto,
ule ninaoukumbatia nikikohoa.

Jioni tunatembea hadi kwa fundi viatu na kurudi,
mimi nimeinama kama natafuta sindano.
Jirani anauliza: mgongo?
"Mgongo," anajibu Ndeshi, upesi.

Usiku nalegeza mkanda,
nabonyeza chini ya kitovu kipya.
Kidole kinaacha shimo,
shimo linajaa taratibu.
Nahesabu.
Jana ishirini na moja.
Leo kumi na tano.