Futi ya Marehemu

Velta ameikata futi ya chuma ya mumewe
vipande sita, kavifunga kwenye bomba la plastiki.
Arvīds hakuwahi kumwazima mtu futi hiyo.
Namba bado zasomeka: arobaini na moja, arobaini na mbili,
na doa la rangi ya mlango wa bafu.

Liepāja, ghorofa ya tano, roshani ina barafu.
Setilaiti yachomoza kusini. Redio yakoroma, kisha
tiki-taka, tiki-taka,
na picha yaja kichwa chini, uzi kwa uzi,
kama soksi ifumwayo:
Italia. Milima. Polandi. Wingu.

Wingu tu.

Mkono umekufa ganzi, haushushi.
Chini ya weupe ule yupo mtu
ameinua futi juu kabisa
na haonekani. Aigeuza polepole, kaskazini,
mpaka mlio unazama
nyuma ya mnara wa maji.