Ta

Ufunguo kulia: ta.
Si kuwaka, si kukataa. Ta tu,
kama mtu aliyetaka kusema jambo
akaona waliokaa barazani si wenzake.

Newala, mwezi wa saba, ukungu umeshuka
mpaka juu ya boneti.
Pijo 404, pikapu, niliyoinunua
kwa malipo ya pili ya korosho
(ya kwanza yaliishia kwenye bati na ada)
imesimama uani na bluu yake mpya.
Niliipaka mwenyewe, kwa brashi, kwa mapenzi,
hata pasipofika jicho la mtu,
hata chini ya tumbo.
Shikeni hilo la tumbo.

Siku ya kwanza nililaumu betri.
Hulaumiwa kwanza anayebebeka.
Ikapanda bodaboda, ikalala kwenye chaji,
ikarudi imeshiba.
Ta.

Siku ya nne, stata. Nandonde wa mashine ya kusaga
aliipasua juu ya gunia, akabadili kaboni,
akaigusisha waya: ikaruka kama kambale nchi kavu.
"Hii haina ugonjwa," akasema, akachukua elfu kumi.
Tukaifunga mahali pake.
Ta.

Ndipo wakaja wenye maoni.
Mmoja: muuzaji kaifunga, mrudieni.
Mwingine: gari la pwani hili, baridi haliwezi.
Chilumba: "Lisukumeni mteremkoni!"
Mteremko wa kwetu, Chilumba?
Ukikosa breki huku unaamkia Ruvuma.

Mimi kazi yangu ni mizani ya ghala.
Msimu mzima macho kwenye mshale.
Gunia halijapata kunidanganya;
hudanganya kidole cha mguu
kilichoegemea jukwaa bila kuitwa.
Basi nikaacha kusikiliza, nikapima.
Balbu moja, nyaya mbili.
Chanya kwa hasi ya betri: inawaka.
Chanya kwa mwili wa injini: inawaka.
"Somoe, washa."
Ta, na balbu ikafa mkononi mwangu.
"Acha."
Ikafufuka.
Nikaandika kwenye daftari la magunia
jambo nisilolielewa.

"Tena."
Ta.
"Tena, ishikilie."
"Siishikilii! Hii choki yako inaunguza!"
"Inaunguza vipi?"
"Njoo uishike wewe."

Nikaishika. Moto, kama sikio la sufuria.
Waya wa choki, jamani. Mwembamba,
kazi yake kuvuta kijilango cha hewa, basi;
nani kautwika mzigo wa stata?

Nikalala chali, tochi mdomoni.
Mkanda wa ethi upo, mnene, umesukwa,
nati imekazwa hadi mwisho wa nguvu zangu,
na kati ya mkanda na chasi
bluu.
Bluu yangu. Tabaka mbili.
Umeme ulitoka, ukafanya kazi yake, ukarudi kwao,
ukakuta mlango umepakwa rangi.
Ukatafuta kadirisha.

Msasa. Duara dogo kama kizibo cha soda.
Ilitoka bluu, ikatoka kutu ya zamani,
kikatokea chuma cheupe, uchi, kibaya.
Kilikuwa kibaya kweli. Nilikipenda.

"Somoe, mara ya mwisho."
Ikazunguka! Kwa kishindo,
kuku wakapanda ukuta, Nandonde akaacha kusaga.
Ikazunguka, ikazunguka,
haikuwaka.

Sawa. Hilo la mafuta, ni la kesho,
kabureta ana kesi yake.
Nilitoka chini nikijipangusa, nicheke naye.
Alikuwa anapuliza vidole.
Nyuma yake, mlangoni, madumu sita ya maji
yamejaa, yamefunikwa,
na bomba liko kule bondeni,
na zamu ya madumu ilikuwa yangu.
Sikukumbuka tangu siku gani.

Nikamshika mkono ule, wa moto bado.
Hakusema kitu.