Mchoro wa Saba

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa kioo kitupu:
ghorofa tatu juu ya kilima, ngazi nyeupe,
bendera, maegesho ya mabasi kumi na mawili.
Niliuchorea Cagliari, dirisha limefungwa,
nikauona mzuri, kama mtu anavyojiona mzuri
kwenye kioo cha chumbani kwake.

Kisha nikapanda kilimani.
Upepo wa Sardinia ulininyang'anya karatasi
ukaibandika kwenye mwaloni uliobambuliwa gome,
shina jekundu kama kidonda kibichi.
Efisia Murgia, mvuna magome, shoka begani,
aliibandua kwa ukucha, akaitazama, akaipindua.
"Mti huu siuoni humu," akasema.
"Nimeuvua nguo mara nne tangu niolewe.
Utauweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na rula.

Wa pili, nikasogeza ukuta.
Wa tatu, nikashusha ghorofa.
Wa nne, nisiseme uongo, niliuchora kwa hasira,
na unaonekana.

Mwaka ule nilijifunza kupima
vitu visivyotajwa kwenye mkataba:
mizizi inaishia wapi (hatua kumi na nne kutoka shinani);
saa ngapi kivuli cha mnara wa kale hugusa zizi;
tundu la kalunguyeye;
njia ya maji ya Novemba, ambayo hayabishi hodi.

Na siku moja Deiana, mchimbuaji, alinifungulia kiganja:
mtu wa shaba, urefu wa kidole,
amebeba kondoo dume mabegani.
"Miaka elfu tatu gizani," akanong'ona,
"hajamlalamikia mtu.
Usije ukampofusha kwa mataa yako."

Usiku huo nilizima taa yangu mwenyewe
nikachora kwa kupapasa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Basi jengo ndilo mgeni. Na liingie limeinama.
Nusu yake udongoni; ukuta wa mawe ya palepale
umepinda kuupisha mwaloni
kama mtu anavyojibana njiani apite mwenye mzigo.
Udongo wa juu tuliuweka kando, tukaurudisha juu,
na mbegu zake za mhadasi ndani, bila kuziuliza kitu.
Sakafu ni magome ya Efisia: hatua hazisikiki.
Ufa mmoja tu wa mwanga. Saa kumi jioni, Januari,
jua huingia, likaparaza pembe za kondoo,
likatoka.

"Pesa zote hizi," alifoka diwani Onnis barazani,
"na jengo halionekani?"
"Ndiyo," nikasema.
Siku ya ufunguzi aligonga paji la uso mlangoni.
Mbuzi walikuwa juu ya paa, wanakula paa.

Ningeishia hapo, watu wacheke.

Lakini tawi la mashariki limekauka.
Ni bomba la maji: mchoro wa saba, kona ya chini, mstari mwembamba.
Nilipima hatua kumi na nne
na mzizi mmoja ulikwenda kumi na tano.
Kila Mei narudi kulitazama.
Efisia hanisemeshi juu yake;
huegemeza ngazi upande mwingine.

Nimelichora. Kwenye ramani ya kumbukumbu,
kwa penseli, jani baada ya jani lisilokuwepo:
tawi kavu,
na chini yake, pasipo na nafasi, jina langu.