Kiraka cha Saa Mbili

Picha zangu zote za utotoni nimesimama kiubavu
kama mfalme kwenye sarafu.
Mama alinigeuza kidevu kabla kamera haijabofya,
"Hivyo, Zauri, hivyo hivyo,"
nami nikadhani kila mtoto wa Kutaisi
amepewa upande mmoja tu wa uso.

Nikakua, nikawa mpiga picha.
Kazi gani nyingine? Kamera haiulizi jicho la pili liko wapi:
lifumbe, bonyeza, maharusi wacheke.
Wateja walipozungumza nami waligeuka nyuma
kumtafuta yule niliyekuwa nikimtazama.

Kisha Lamzira, miaka mitatu na nusu,
akainua kichwa kutoka kwenye bakuli
na jicho lake la kushoto likakimbilia puani
kama kifaranga arudiye kwa mamaye.

Jirani yetu Guliko akasema ameniiga.
Shangazi akalaumu kikaragosi chekundu
tulichokining'iniza juu ya susu.
Mama mkwe akafunga mjadala:
"Apendaye, chongo huita kengeza.
Sisi tunampenda. Basi."

Daktari Tsiala hakuwa mtu wa methali.
Alilifunika jicho la kulia, akalifunua,
akalifunika, akalifunua,
mpaka lile goigoi likalazimika kuripoti kazini.
"Si kikaragosi, wala hakumwiga mtu.
Macho yake hujitutumua ili yaone,
na katika kujitutumua, moja hujikunja ndani.
Ubongo ukiletewa picha mbili zisizopatana, hutupa moja.
Ukizoea kuitupa,
jicho zima, lisilo na doa,
hulala usingizi mzito.
Lipendeni tu hivi hivi kengeza hili,
litawazalia chongo."

Njia nzima hadi nyumbani mama mkwe hakusema neno.
Methali yake ilikuwa imepinduliwa nje-ndani kama soksi.

Basi, miwani minene yenye ugwe kisogoni,
na kiraka juu ya jicho zuri,
saa mbili kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi.
Uonevu gani huu, kumfungia ndani mchapakazi
ili mvivu ajifunze?
Siku ya kwanza alikibandua, akambandika paka.
Ya pili alilia mpaka gundi ikalowa.
Ya tatu nikajibandika changu,
tukakaa sakafuni, maharamia wawili,
tukitia maharagwe kwenye vishimo vya trei ya mayai.
Kabla theluji haijayeyuka alikuwa hakosei.
Mimi nilimwaga tu.

"Na wewe?" Tsiala akaniuliza siku moja,
akiandika, bila kuinua kichwa.
Nikamtajia umri wangu: arobaini na tatu.
Samaki hukunjwa angali mbichi, nikasema, mimi nilishakauka.
"Msuli si samaki.
Kuliamsha sikuahidi. Kulinyoosha, naweza."

Akaurudisha msuli nyuma milimita tano,
akaushona kwa uzi mwembamba kuliko unywele.
Wiki mbili nilikuwa na komamanga usoni.
Kila mlango ulikuwa miwili;
nilichagua wa kulia, nikajigonga.
Halafu mmoja ukachoka, ukaondoka.

Kliniki wana kitabu chenye picha ya inzi.
Ukivaa miwani yao ya giza,
mwenye macho yanayosaidiana humwona inzi ameinuka.
Kwangu mimi alikuwa amepondwa ukurasani,
na nadhani atabaki hivyo.
Lamzira alinyoosha vidole,
akambana mabawa hewani, pasipo na kitu,
akapiga yowe, akaificha mikono mgongoni.
Nilitoka nje kwenye korido. Nilikaa huko kidogo.

Jana ameichukua kamera yangu, nzito kwake,
akaacha macho yote mawili wazi,
nilivyomkataza mara mia.
"Baba, nitazame."
Sikujua nikigeuzie wapi kidevu.